Sikio la mashua: ninavyotengeneza kitambuzi cha rada ya meli hapa Dodoma

Mdogo wangu anavua Kilwa Kivinje. Usiku mmoja wa giza totoro meli ya mizigo iliwapita karibu mno, kiasi kwamba mawimbi yake yaliijaza mashua maji hadi magotini, na taa za meli wakaziona ikiwa imeshawapita. Alinipigia alfajiri, sauti bado inatetemeka: "Dada, wewe uliyekuwa unatengeneza rada za watu, sisi utatusaidiaje?"

Rada nzima sikuweza kumpa. Bei yake inaipita mashua na nyavu zake zote. Ila meli ile ilikuwa na rada, na kwa hakika ilikuwa imewashwa. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unaitaka kila meli ya tani jumla 300 na kuendelea ibebe rada ya gigahezi 9. Kwa hiyo gizani mle meli ilikuwa inapaza sauti muda wote, na mdogo wangu hakuwa na sikio la kuisikia. Sikio hilo linaweza kutengenezwa mezani, na jumla ya matumizi yangu kwa kifaa cha kwanza haikufika shilingi 90,000.

Nilifanya kazi ya vyombo vya meli Dar es Salaam miaka kumi na moja. Serikali ilipohamia Dodoma, mume wangu akahamishwa, nikafunga meza yangu na kuifungua upya hapa Chang'ombe, kilomita mia nne na ushee kutoka baharini. Vijana wa chuo wanaokuja kujifunza kwangu huuliza kila mara mawimbi ya rada yatapatikana wapi kwenye nchi ya zabibu na mtama. Tutafika huko.

Kwanza muelewe kwa nini kitu cha bei ndogo kinaweza kufanya kazi hii. Rada husubiri mwangwi. Nguvu yake hupungua ikienda, hupungua tena ikirudi, hivyo umbali ukiongezeka mara mbili mwangwi hupungua mara kumi na sita. Anayesikiliza tu hupata safari moja: umbali mara mbili, nguvu hupungua mara nne. Chukua rada ya meli ya kilowati 10 yenye antena inayokuza desibeli 30, yaani mara elfu. Kilomita 10 kutoka hapo, mahali pasipo na kizuizi, pembe ndogo ya kupokelea mawimbi, nitakayoieleza, hupokea kama maikrowati 20. Kwa dayodi nzuri, yaani kijenzi kinachopitisha umeme upande mmoja tu na kugeuza wimbi kuwa volti, hiyo ni shibe. Mabaharia wa vita walilijua hili zamani. Mwaka 1942 nyambizi za Ujerumani zilianza kubeba kipokezi cha Metox, na antena yake ya kwanza ilikuwa msalaba wa mbao uliozungushwa kwa mkono juu ya sitaha. Waingereza walipohamia rada ya sentimita 10, Metox ikawa kiziwi, na mwaka 1943 ikafuata Naxos, ambayo moyo wake ulikuwa kipande cha kristali kinachogeuza wimbi kuwa volti. Tunachotengeneza sisi ni mjukuu wa Naxos, kwa kazi ya amani kabisa.

Sababu ya pili ndiyo ninayotaka ikae kichwani. Kwenye gigahezi 9.4 umeme haupiti ndani ya chuma, unateleza juu ya ngozi yake. Katika shaba, sehemu kubwa ya mkondo hukaa ndani ya maikromita 0.7 tu za juu. Unene unaobaki ni wa kushikilia umbo. Viwandani hulipia bomba zito lililochongwa kwa mashine, na kwenye manowari wana sababu zao, lakini wimbi lenyewe linachokuomba ni vipimo sahihi na uso safi wa ndani. Weka fedha na subira yako kwenye hivyo viwili.

Tuanze na bomba. Rada nyingi za meli hurusha karibu na megahezi 9410, na wimbi lake lina urefu wa milimita 31.9. Bomba la mstatili linalotumika kwa masafa haya duniani kote linaitwa WR-90, nalo ndani lina milimita 22.86 kwa 10.16. Chini ya gigahezi 6.56 halipitishi kitu. Hapa Dodoma halinunuliki dukani, kwa hiyo tunalikunja wenyewe.

Nunua bati la shaba ya njano lenye unene wa milimita 0.4. Langu nililipata kwa mafundi wa Gerezani nilipokwenda Dar kwa treni ya umeme. Kisha unahitaji kalibu ya kulikunjia. Ya kwanza niliichongesha kwa mninga wakati wa masika. Kufika Agosti, hewa ya Dodoma ikiwa kavu kama ndani ya tanuri, ilikuwa imesinyaa kwa milimita 0.3 upande mpana. Nikaenda kwa mzee mmoja seremala karibu na soko la Majengo. Nilimwamkia "Mbukwenyi", akacheka, akanikaribisha kigoda, na nilipomweleza vipimo akaniuliza, "Mwanangu, hii robo ya unywele unayoitaka, nani atakayeiona?" Nikamwambia, "Wimbi, mzee." Alinichongea mpingo, akapiga msasa kidogo kidogo huku mimi nikipima kwa venia, kipimio cha sehemu ndogo za milimita, kila baada ya mikono kumi. Ina miaka miwili sasa na bado inasoma 22.9 kwa 10.2.

Kata bati kwa upana wa milimita 68 na urefu wa milimita 120. Ukilizungushia kalibu litazidi kidogo. Punguza kwa tupa hadi kingo mbili zikutane bila kupandana. Hapa kuna siri ambayo wengi huikosa: mahali pa mshono. Akili ya fundi bati hukutuma uuweke kwenye kona. Usifanye hivyo. Katika bomba hili, kwenye mstari wa katikati wa ukuta mpana, mkondo hutembea kwa urefu tu, haukatishi kwenda pembeni. Mshono ukiwa juu ya mstari huo hauukati mkondo wowote, hata ukiwa na kiufa. Ukiuweka kwenye kona, mkondo unaopanda kutoka ukuta mpana kwenda ukuta mwembamba utalazimika kuuruka, na kila penye nafasi pataingiza hasara. Nilikuwa na kijana aliyefanya kazi safi, mshono wake wa kona unang'aa kama kidani, na kipimo chake kikawa nusu ya cha mwenzake ambaye mshono ulipinda lakini ulikuwa katikati.

Kulehemu, weka bomba na kalibu yake juu ya jiko la mkaa lenye moto mdogo hadi shaba ishike joto, kisha pitisha risasi ya kulehemia ya 60/40 kwa nje. Inayeyuka karibu nyuzi 190, na mpingo huvumilia joto hilo kwa muda mfupi. Risasi isizame ndani. Chomoa kalibu shaba ikiwa bado vuguvugu, kwa sababu ikipoa kabisa itang'ang'ania.

Sasa kizibo. Nyuma ya bomba kinaingia kipande cha shaba kinachojaa vizuri na kinachoweza kusukumwa ndani na nje, kimeshikwa na bolti ndefu kama mpini. Wimbi likifika hugonga kizibo na kurudi, na yakikutana linalokwenda na linalorudi hujengeka mahali fulani na kufutana pengine. Dayodi tunaiweka mahali yanapojengeka, robo ya urefu wa wimbi mbele ya kizibo. Ila urefu wa wimbi ndani ya bomba si ule wa hewani. Kwa megahezi 9410 ndani ya WR-90 ni milimita 44.4, hivyo robo yake ni milimita 11.1. Anzia hapo, kipimo kitakuelekeza kwingine.

Dayodi ninayotumia ni SMS7630, ndogo kuliko punje ya ulezi, na haihitaji volti ya kuiamsha. Toboa tundu dogo katikati ya ukuta mpana usio na mshono, milimita 30 kutoka mwisho wa nyuma. Pitisha skrubu ya shaba ya milimita 3 kutoka chini, ipande ndani milimita 4. Juu ya ncha yake ya ndani lehemu anodi ya dayodi (mguu unaoingizia umeme), na kwenye kathodi (mguu unaoutoa) lehemu waya mwembamba unaotoka kupitia tundu la ukuta wa pili, ukikata mshono. Fanya kazi hii nje ya bomba, kisha ndipo uingize. Waya unapotokea, usiguse ukuta. Weka utepe wa plastiki mwembamba, juu yake washa (pete bapa) ya shaba yenye kipenyo cha milimita 15, na waya ulehemiwe kwenye washa. Washa na ukuta, na utepe katikati yao, ni kapasita. Kwa masafa ya rada ni kama ukuta mzima usio na tundu, na kwa volti unayoitaka ni njia ya kutokea. Kwa mpangilio huo waya utatoa volti chanya.

Hapo ndipo nilipopoteza dayodi nne katika wiki moja ya Julai. SMS7630 hustahimili volti 2 tu za kinyume, na Dodoma wakati wa upepo mkavu ukivua sweta tu unasikia cheche. Sasa nafunga waya mkononi kupitia rezista ya megaomu 1 hadi kwenye bomba la maji lililozama ardhini, natandika kitambaa chenye unyevu chini ya miguu, na mkono wangu hugusa shaba kabla haujagusa dayodi. Usiipime kwa mita ya kawaida upande wa kinyume. Mita yenyewe inaweza kuiua.

Mbele ya bomba lehemu pembe, yaani mdomo unaopanuka kama wa tarumbeta. Kata vipande vinne vya shaba ileile au vya bati la kopo la mafuta ya kula lililosafishwa, vipanuke kutoka kwenye mdomo wa bomba hadi milimita 80 kwa 60, ndani ya urefu wa sentimita 10 hivi. Pembe hiyo hukuza takribani desibeli 14 au 15. Hapa milimita moja ya kosa haikupunguzii kitu, malizia haraka.

Sasa swali la vijana: mawimbi tutayapata wapi Dodoma? Kuna kipande kidogo cha HB100, kile kinachofungua milango ya maduka makubwa yenyewe. Kinatumia volti 5 na kinarusha gigahezi 10.525, nguvu kidogo sana. Kiweke mezani sentimita 30 mbele ya pembe, unganisha mita ya milivolti kwenye washa na bomba, na anza kusukuma kizibo taratibu. Namba zitapanda, zitashuka hadi karibu sifuri, zitapanda tena. Mara ya kwanza mita yangu ilifika milivolti 31, na mimi niliyewahi kufunga rada za meli kubwa nilimwita mume wangu kutoka jikoni aje aone.

Usiishie kwenye kufurahi. Weka alama ya kalamu kwenye mpini wa kizibo pale namba inapofika kilele, sogeza hadi kilele cha pili, weka alama tena, kisha pima kati ya alama mbili kwa venia. Huo ni nusu ya urefu wa wimbi ndani ya bomba. Bomba lako likiwa na upana wa 22.9, utasoma milimita 18.2. Ukisoma 18.7, upana wako wa ndani umekuwa 22 kamili. Wimbi limekupimia mahali venia haiwezi kuingia. Mimi hulipenda zoezi hili kuliko yote, na kijana asiyelirudia mara tano simruhusu kuendelea. Ukikosea kwa milimita hiyo moja bomba bado litafanya kazi, na hilo nalo ni vizuri kulijua, lakini ujue kwa kupima.

Ukimaliza, rudisha kizibo kwenye kilele cha gigahezi 10.525 kilicho karibu zaidi na dayodi, kisha kivute nyuma milimita 2. Robo ya wimbi kwa HB100 ni milimita 9.1, kwa rada ya meli ni 11.1, tofauti ni hiyo. Kaza, lehemu kizibo, usikiguse tena.

Kuhusu amplifaya nina kosa la kukuonya. Nilianza na LM358, IC ya amplifaya ya kawaida, kwa kuwa ninazo kopo zima. HB100 niliisikia vizuri. Nikasafiri nayo hadi Dar, nikasimama ufukweni Barabara ya Ocean mbele ya meli zilizotia nanga, nikaambulia ukimya. Nilirudi na wiki tatu nzima nilikuwa nalaumu bomba. Kosa halikuwa kwenye bomba. Rada ya meli ya magnetroni (taa maalumu inayozalisha mawimbi yake) haiimbi mfululizo, inapiga mapigo mafupi ya maikrosekunde 0.05 hadi 1, na LM358 ndani ya maikrosekunde 0.1 haiwezi kupanda hata volti 0.1. Pigo lilikuwa linapita kabla haijainua kichwa. Badala yake tumia transista mbili za 2N3904, moja baada ya nyingine, zina kasi ya kutosha na ziko kila duka la vipuri. Baada yake dayodi ya 1N4148 ijaze kapasita ya pikofaradi 100 yenye rezista ya megaomu 1 sambamba nayo, ili pigo fupi lirefuke. Ukiweka kapasita kubwa zaidi hapo transista hazitaweza kuijaza kwa wakati. Kisha IC ya LM393 ilinganishe volti hiyo na kiwango ulichoweka, na ikivuka iamshe IC ya 555 ya kupima muda iliyopangwa kwa kiloomu 100 na maikrofaradi 1, ipige king'ora kidogo kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Betri nne za volti 1.5 zinatosha, na 555 iwe ya aina ya CMOS ili isizimalize.

Sauti yake ikoje? Antena ya meli huzunguka kama mara 24 kwa dakika, kwa hiyo mwali wake hukupitia kila baada ya sekunde mbili na nusu. Utasikia tik, kimya, tik, kimya, kama mtu anayegonga ukucha mezani akiwa anafikiri. Meli mbili zikiwepo, midundo hiyo huachana na kukutana tena, na ukizoea utazihesabu. Geuza pembe taratibu; upande unaosikika zaidi ndiko meli iliko. Ikikaribia sana utaanza kusikia na mabaki ya pembeni ya mwali, na tik moja inakuwa tatu au nne. Hapo washa taa na uwe tayari kuhama njia.

Mdomo wa pembe ufunike kwa plastiki nyembamba ya kifuniko cha ndoo, wimbi hupita humo kama halipo. Ziba viungo vyote kwa silikoni. Mimi huvifunga vifaa vyangu saa nane mchana mwezi wa Agosti au Septemba, maana hewa inayobaki ndani ni kavu mno na shaba haipati jasho baharini. Haya ndiyo manufaa pekee ya kukaa mbali na bahari kwa kazi hii, na ninayatumia.

Kifaa hiki kinapokea tu. Ukitaka kutengeneza kinachorusha, hiyo ni habari nyingine yenye leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na usiianze bila hiyo. Usifungue rada ya mtu kutafuta vipuri pia. Volti iliyomo kwenye magnetroni inaua hata ikiwa imezimwa muda mfupi uliopita.

Mpe mvuvi ukweli wa mipaka yake. Rada mpya za bila magnetroni hurusha nguvu ndogo kwa muda mrefu, na kifaa hiki huzisikia kwa karibu tu au hakizisikii kabisa. Meli yenye rada ya gigahezi 3 peke yake imewashwa haitasikika, kwa kuwa bomba letu halipitishi masafa hayo. Na mashua nyenzake zisizo na rada ziko kimya. Kwa hiyo macho yabaki kazini na taa iwake.

Mara ya pili niliporudi Barabara ya Ocean, nikiwa na transista, nilikaa juu ya ukuta saa moja usiku. Kifaa kilianza kugonga kabla sijakigeuza vizuri. Nilihesabu midundo ya aina tatu, na mbele yangu taa za meli zilizotia nanga zilikuwa tatu. Nilimpigia mdogo wangu palepale nikaweka simu karibu na king'ora. Akasikiliza kimya kwa muda, kisha akauliza, "Dada, hiyo ya katikati inayochelewa, ni kubwa?" Sikuweza kumjibu, antena kuzunguka polepole hakuonyeshi ukubwa wa meli. Lakini alikuwa ameshaanza kusikiliza.

Chake kimefungwa kwenye mlingoti, mita 3 juu ya maji, pembe ikitazama kusi, na kamba mbili za kuigeuzia. Cha pili nakikunja wiki hii kwa ajili ya nahodha jirani yake. Bati lake la shaba limeshakatwa, milimita 68.